Sherehe za vijiji Ujerumani: Mgeni huingia kwa mlango wa kazi

Kila mwaka mwishoni mwa Agosti, vijana wa Limmersdorf hupanda ngazi na kwenda kucheza dansi juu ya mti. Limmersdorf ni kijiji kidogo cha Franconia ya Juu, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, na mti wenyewe ni wa aina ambayo Wajerumani huiita Linde. Ulipandwa mwaka 1686. Vizazi kwa vizazi matawi yake yamekuwa yakielekezwa, yakipogolewa na kutandazwa, hadi yakalizunguka jukwaa la mbao lililoegemezwa juu ya nguzo. Bendi ikianza kupiga polka na waltzi, wavulana na wasichana huzunguka katikati ya majani, na wazee hukaa chini kwenye mabenchi wakiwatazama huku bia ikishuka taratibu.

Sherehe hiyo huangukia karibu na sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, Agosti 24. Mwaka 2014 Ujerumani iliiingiza katika orodha ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kijijini humo kuna jumba la makumbusho la miti ya dansi. Watalii wanafika, picha zinapigwa. Hata hivyo, ratiba haipangwi kwa ajili yao. Wanaofungua dansi ni vijana wa hapohapo ambao hawajaoa wala kuolewa, na wanaojua nani atacheza na nani ni majirani.

Hapo ndipo ulipo ugumu, na pia utamu, kwa mtu wa nchi nyingine anayeishi Ujerumani na kuona mabango ya sherehe yakibandikwa mtaani kwake. Tiketi haihitajiki, mlinzi hakuna, na hakuna atakayemuuliza ametoka wapi. Atanunua soseji, atakunywa kitu, atasikiliza bendi na kurudi nyumbani. Mwaka unaofuata atafanya vivyo hivyo. Anaweza kuhudhuria miaka mitano akabaki mteja, kwa sababu mwenyeji wa sherehe ni yule aliyebeba meza.

Ilianzia kanisani

Sherehe nyingi za vijiji vya Ujerumani chanzo chake ni siku ya kutabarukiwa kwa kanisa. Kijiji kilipopata kanisa lake, siku hiyo iliadhimishwa kila mwaka kwa misa, chakula kingi, soko na ngoma. Jina hubadilika kadiri mtu anavyosafiri: kando ya mto Rhine wanasema Kirmes, Hesse ni Kerb, Palatinate ni Kerwe, na Franconia ni Kärwa. Vijiji vya Kiprotestanti navyo vinaadhimisha, ingawa ibada huwa fupi na meza ndefu.

Zamani kila kijiji kilikuwa na Jumapili yake, na vijana walitembea kutoka sherehe moja hadi nyingine wakila na kucheza karibu msimu mzima. Watawala hawakupendezwa na wafanyakazi waliokuwa hawaonekani shambani. Katika eneo la zamani la Bavaria sherehe hizo zikakusanywa na kuwekwa siku moja, Jumapili ya tatu ya Oktoba, wakati mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Vijiji vingi havikutii. Viliendelea na tarehe zao, na ndiyo maana hadi leo mtu mwenye baiskeli na nafasi anaweza kuhudhuria sherehe tofauti karibu kila wikiendi ya kiangazi.

Kanisa si chanzo pekee. Mei 1 kuna mti wa Mei. Wiki za Juni na Julai, hasa kaskazini na magharibi, ni za vyama vya walenga shabaha. Septemba, katika milima ya Allgäu, ng'ombe waliolishwa milimani wakati wa kiangazi huteremshwa kijijini wakiwa na kengele kubwa shingoni, na anayetangulia huvikwa shada la maua kichwani iwapo hakuna mnyama aliyepata ajali msimu huo. Maeneo ya mizabibu nayo yana sherehe za divai. Maarufu kuliko zote ni ile ya Bad Dürkheim, ambayo kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi mwaka 1417.

Wageni wengi huijua Oktoberfest ya Munich, iliyoanzia harusi ya mwanamfalme Ludwig na Therese mwaka 1810. Hiyo ni sherehe ya jiji, yenye mahema ya makampuni ya bia na wageni kutoka kila bara. Kijijini mambo ni mengine. Hema huwa moja, au hutumika ghala la mkulima, au kituo cha zimamoto ambacho magari yametolewa nje kwa siku tatu.

Nani anachoma soseji?

Ujerumani ina zaidi ya vyama 600,000 vilivyosajiliwa: vya soka, kwaya, bendi, bustani, wafuga njiwa, wapanda milima. Sheria inataka watu saba tu ili chama kiandikishwe. Kijiji chenye wakazi mia nane kinaweza kuwa na vyama kumi, na mtu mmoja akawa mwanachama wa vinne.

Kinachoheshimika zaidi mara nyingi ni zimamoto. Nje ya miji mikubwa, wazima moto wa Ujerumani ni watu wa kujitolea. Wako karibu milioni moja nchi nzima: fundi bomba, mwalimu, mkulima, muuza bima, wote wana kifaa cha kuwaita kiunoni au kwenye simu. Sherehe ya kiangazi huwapatia fedha za vifaa vya vijana, safari na ukarabati wa chumba cha mikutano. Chama cha soka hupata fedha za jezi. Kina mama wa kijiji huoka keki nyumbani na kuzileta zikiwa zimefunikwa, na kufikia saa tisa alasiri ya Jumapili meza ya keki huwa na foleni ndefu kuliko ya bia.

Nyuma ya hayo yote kuna karatasi. Manispaa hutoa kibali cha muda cha kuuza vileo. Muziki unaopigwa hadharani hulipiwa ada kwa GEMA, shirika linalokusanya haki za watunzi. Kelele baada ya saa nne usiku zinahitaji ruhusa, katika nchi ambayo jirani huweza kugonga mlango kwa sababu mtu ametoboa ukuta siku ya Jumapili. Usiku wa siku mbili au tatu za sherehe, jirani huyohuyo husimama juu ya benchi akiimba.

Karatasi muhimu kuliko zote hubandikwa ukutani kwenye chumba cha chama wiki kadhaa kabla. Ni orodha ya zamu: Ijumaa saa kumi na mbili hadi saa tatu, kaunta ya vinywaji, watu wanne, Jumamosi, jiko la kuchomea, watu watatu, Jumapili asubuhi, kuosha glasi, Jumatatu, kubomoa hema. Mahali pa majina huwa patupu mwanzoni, kisha hujaa. Mgeni akiandika lake hapo, mambo hubadilika. Atapewa aproni, ataonyeshwa bomba la bia linavyoinamishwa ili povu lisizidi, na kwa saa tatu kijiji kizima kitapita mbele yake kikimwambia kinachotaka. Majina atakayoyajua zamu hiyo moja yangemchukua mwaka mzima wa kusalimiana kwenye kituo cha basi.

Mezani

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, kuna mambo machache ya kujua. Meza hazina mwenyewe. Mtu huuliza kama pana nafasi, anakaa, na aliyekaa pembeni yake anakuwa mwenzake wa jioni. Wajerumani, ambao ofisini wanaweza kuitana kwa jina la ukoo miaka kumi, hapa huacha lugha ya heshima na kusemeshana kama watu wa rika moja. Lakini Jumatatu ofisini, mkubwa wa kazi anaweza kuirudia lugha ya heshima kana kwamba hapakuwa na sherehe. Mgeni asikasirike; asubiri mkubwa atangulie.

Glasi zikigonganishwa, watu hutazamana machoni. Anayeangalia pembeni huonekana hana adabu. Bendi ikipiga wimbo fulani, wote waliokaa benchi moja hushikana mikono viwikoni na kuyumba kushoto na kulia, na anayekataa huyumbishwa tu na wenzake. Glasi huwekewa dhamana ya euro moja au mbili, inayorudishwa zikirudi. Sehemu nyingi kuponi hununuliwa kwanza mahali pamoja, kisha ndipo mtu aende kwenye foleni ya chakula.

Chakula kinahitaji macho. Soseji nyingi ni za nguruwe, na vipande vya nyama vilivyokaangwa kwa chenga za mkate navyo mara nyingi ni vya nguruwe. Supu ya dengu hutiwa nyama ya moshi. Baadhi ya keki zina pombe ya cheri ndani ya krimu. Mwislamu, au mtu yeyote asiyekula vitu hivyo, hana budi kuuliza, na kuuliza si aibu. Viazi vya kukaanga, samaki, mkate wa chumvi uliosokotwa na keki ya tufaha hupatikana karibu kila mahali. Asiyekunywa pombe huagiza juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, kinywaji ambacho hata madereva na wazima moto walio zamu hukinywa bila kuulizwa sababu. Bia na divai huruhusiwa kisheria kuanzia umri wa miaka 16, jambo linalowashtua wazazi wengi kutoka Afrika Mashariki wanapowaona wanafunzi wanaosoma na mtoto wao wameshika glasi.

Kucheka pamoja, kuibiana mti

Katika vijiji vya Palatinate na jirani zake, kilele ni hotuba. Kijana aliyechaguliwa hupanda mahali pa juu na kusoma, kwa vina na kwa lahaja nzito, visa vya mwaka uliopita: aliyeingiza trekta mtoni, aliyepotea njia akitoka baa iliyo mita mia mbili kutoka kwake, diwani aliyesahau funguo. Kila baada ya ubeti bendi hupiga mlio mfupi, msomaji hupiga funda. Vijana huuliza kwa sauti sherehe hii ni ya nani, na umati hujibu kwamba ni yao.

Mtu aliyejifunza Kijerumani darasani huambulia nusu ya maneno, au robo. Hata Mjerumani kutoka Hamburg huachwa njiani. Lakini mgeni akisikia jina lake likitajwa katika hotuba hiyo, na watu wakamgeukia wakicheka, hana sababu ya kununa. Kijiji hakimtanii mtu kisiyemhesabu.

Karibu na Erlangen, wawili wawili huuzunguka mti wa sherehe wakipokezana shada la maua huku saa ya kengele imefichwa. Ikilia, walioshika shada ndio washindi. Vijiji vya Rhine humaliza kwa kumchoma mdoli anayeitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, kwa kuwa habari yake ndiyo husomwa kanisani siku ya kutabaruku. Zakayo hubebeshwa madhambi yote ya sherehe, hulaumiwa mbele ya watu, kisha huwashwa moto.

Bavaria nayo ina wizi wenye kanuni. Mti wa Mei, mrefu na ulionyooka, hukatwa mapema na kufichwa hadi siku ya kuusimamisha. Vijana wa kijiji jirani wana haki ya kuuiba. Hawaruhusiwi kuukata wala kuuharibu. Wakikamatwa na wenyewe kabla hawajavuka mpaka wa kijiji, huuacha. Wakifanikiwa, hakuna anayekwenda polisi. Pande mbili hukaa na kujadiliana fidia, ambayo hulipwa kwa bia na chakula. Mwaka 2004 wezi waliuchukua mti wa Mei kutoka Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani wenye mita 2,962, kwa kutumia helikopta. Kulinda mti usiku ni kazi ya vijana, nayo pia ina orodha ya zamu. Kijana mkimbizi asiyejua lahaja anaweza kukesha ghalani na wenzake wakicheza karata, na asubuhi akawa mmoja wao.

Mfalme wa Sönnern

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki akiona gwaride la chama cha walenga shabaha anaweza kukumbuka beni. Ngoma hiyo ilianzia Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikaenea hadi Tanga na Dar es Salaam wakati wa utawala wa Wajerumani, ikiwa na makundi hasimu ya Marini na Arinoti, sare, vyeo na hatua za kijeshi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Huko Westphalia, magharibi mwa Ujerumani, pia kuna sare, manyoya kofiani, medali kifuani na tarumbeta mbele. Silaha hutumika kwa jambo moja: kumpiga ndege wa mbao aliyewekwa juu ya mlingoti. Kwanza huangushwa taji, fimbo na tufe alivyobebeshwa, kisha kiwiliwili. Anayeangusha kipande cha mwisho ndiye mfalme wa mwaka, na mfuko wake utajua, kwa sababu mfalme hunywesha watu.

Kiangazi cha 2014, katika kitongoji cha Sönnern mjini Werl, kipande cha mwisho kiliangushwa na Mithat Gedik, Mjerumani Mwislamu mwenye asili ya Uturuki. Alikuwa mwanachama wa chama hicho na watu wa Sönnern walimshangilia. Shirikisho la vyama vya kihistoria vya walenga shabaha, ambalo misingi yake ni ya Kikristo, lilisema kwamba kwa mujibu wa katiba yake mtu huyo hakupaswa hata kuwa mwanachama, na likataka avue taji. Habari ikatoka kijijini ikaingia magazeti ya nchi nzima. Baada ya mvutano, aliruhusiwa kubaki mfalme kama jambo la pekee, bila kushiriki mashindano ya ngazi za juu. Mwaka 2017 shirikisho hilo lililegeza masharti na kuwafungulia njia wasio Wakristo.

Katika kisa hicho kijiji kilitangulia na katiba ikafuata nyuma. Majirani walikuwa wamemwona Gedik akifanya kazi za chama, hawakuwa na shaka naye.

Upande wa giza

Haitakuwa haki kusimulia keki na tarumbeta peke yake. Usiku wa kuamkia Agosti 19, 2007, katika sherehe ya mji mdogo wa Mügeln, jimbo la Saxony, ugomvi ulizuka kwenye hema la dansi. Wahindi wanane walikimbizwa barabarani na kundi la watu wapatao 50, wakajificha ndani ya mgahawa wa piza huku mlango ukipigwa mateke na maneno ya kibaguzi yakirushwa. Wote walijeruhiwa.

Kumbukumbu ya karibu zaidi inahusu wimbo. "L'amour toujours" wa Mwitaliano Gigi D'Agostino ni wimbo wa mapenzi, lakini tangu mwishoni mwa 2023 video zilianza kusambaa zikionyesha watu kwenye sherehe na vilabu wakiuwekea maneno ya kutaka wageni wafukuzwe. Mei 2024 video ya namna hiyo kutoka kisiwa cha Sylt ilizua hasira nchi nzima. Waandaaji wa Oktoberfest waliuzuia mwaka huo, na sherehe nyingine nyingi zikauondoa katika orodha zao za muziki.

Kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi anayekwenda kwenye hema la kijiji asichokijua huenda na mtu anayekijua, hasa usiku. Huo si woga. Ni busara ambayo Wajerumani weusi wenyewe huitumia. Saa za mchana na saa za keki ni tofauti na saa saba za usiku, glasi zikiwa zimezidi.

Meya kutoka Suwayda

Aprili 2023, wakazi wa Ostelsheim, kijiji cha watu wapatao 2,500 katika wilaya ya Calw, Baden-Württemberg, walimchagua meya mpya. Ryyan Alshebl, wakati huo akiwa na miaka 29, alizaliwa Suwayda nchini Syria na kuingia Ujerumani mwaka 2015 akiwa mkimbizi, baada ya kuvuka bahari kwa mashua ya mpira hadi kisiwa cha Lesbos. Alipata asilimia 55.41 ya kura katika duru ya kwanza. Kabla ya hapo alifanya kazi katika ofisi ya manispaa ya jirani. Meya katika eneo hilo ndiye anayetarajiwa kukaribisha watu, kusalimia vyama na kufungua shughuli za kijiji.

Waliofika vijijini kama yeye ni wengi. Mwishoni mwa 2023 karibu watu milioni 14 wasio na uraia wa Ujerumani walikuwa wakiishi nchini humo, na hawako Berlin na Frankfurt tu. Wanaoomba hifadhi hugawanywa kwa majimbo kwa hesabu inayozingatia mapato ya kodi kwa theluthi mbili na idadi ya watu kwa theluthi moja, kisha majimbo huwapeleka wilayani na manispaa. Wauguzi na wanaosomea kazi huenda palipo na nyumba za kutunzia wazee, na nyumba hizo ziko kila pembe. Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira, Rais William Ruto akiwa mgeni wa Kansela Olaf Scholz. Baadhi ya Wakenya watakaokwenda kwa njia hiyo watajikuta katika miji midogo ambayo majina yake hayapo kwenye tangazo lolote la utalii.

Kwao, ushauri wa kufaa ni wa vitendo. Soma gazeti la manispaa linaloletwa mlangoni. Tarehe za sherehe na simu za vyama zimo humo. Jiunge na chama kimoja mapema, hata kabla Kijerumani hakijanyooka: kwaya, soka, zimamoto. Ada ya mwaka kwa kawaida ni ndogo. Usingoje kualikwa, maana vyama vingi vina upungufu wa vijana na vinaamini anayetaka atajitokeza. Uliza nani anashika orodha ya zamu, kisha chagua ile isiyopendwa, kuosha glasi au kubomoa hema Jumatatu. Huko maneno ni machache, mikono ndiyo inayohitajika, na waliobaki mpaka mwisho hula pamoja soseji zilizosalia.

Msimu huanza na mti wa Mei na kwisha Oktoba. Orodha za zamu hufunguliwa wiki kadhaa kabla ya kila sherehe.